Toleo jipya la daftari la duka limeacha nje dola, faranga na meka

Dada yangu na mimi tunaendesha depo ndogo ya vyakula karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na kwa zaidi ya miaka mitano hesabu zetu zote tumekuwa tukiziweka katika programu moja ya simu, ya aina ile ambayo wenye maduka huiita daftari la duka. Miezi mitatu iliyopita programu hiyo iliandikwa upya kuanzia msingi hadi paa, na toleo jipya likaingia katika simu ya dada usiku bila mtu kuliita, kwa kuwa simu ilikuwa imeachwa ijisasishe yenyewe kila inapopata Wi-Fi. Tangu siku hiyo nimelitumia kila siku ya kazi, huku lile la zamani nikiendelea nalo katika simu nyingine, na hukumu yangu ni kwamba linapendeza kulitazama lakini haliwezi kubeba siku moja ya depo yetu. Jina lake sitaliandika. Waliolitengeneza ni kikundi kidogo, wamejibu barua zangu kwa adabu, na bado natumaini kwamba watarekebisha. Wenye maduka wanaolitumia watalitambua kwa haya nitakayoyaeleza.

Toleo la zamani halikuwa zuri kwa sura. Maandishi yake yalikuwa madogo, rangi yake ilikuwa ya kijivu kama mfuko wa saruji, na vitufe vitatu vya chini vilifanana kiasi kwamba mgeni alihitaji siku mbili kuvitofautisha. Lakini kila kilichokuwa ndani yake kilionekana kuwa kimeombwa na mtu aliyewahi kusimama nyuma ya meza ya duka, na ndiyo sababu nilikuwa nimelipendekeza kwa majirani wanne, ambao leo wananiuliza maswali nisiyo na majibu yake.

Nianze na pesa, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia zaidi. Faranga ya Kongo ilipochukua nafasi ya zaire mpya mwaka 1998, dola ya Marekani ilikuwa tayari imezoea masanduku yetu, na haijatoka hadi leo. Katika depo kama yetu gunia la unga la kilo 25 lina bei ya dola, chumvi na viberiti vina bei ya faranga, na mteja mmoja hulipa kwa pesa zote mbili kwa mkono mmoja. Tuseme mama mwenye mgahawa amechukua bidhaa za dola 38. Anatoa noti ya dola 20, kisha anauliza dola iko bei gani leo. Tukimwambia 2,800, anamalizia dola 18 zilizobaki kwa faranga 50,400, yaani noti mbili za 20,000, moja ya 10,000, na 400 za noti ndogo zilizochakaa. Toleo la zamani lilikuwa na ukurasa uliofunguka kila asubuhi ukidai jambo moja tu, bei ya dola ya siku hiyo. Dada aliiandika baada ya kupita kwa wabadilisha pesa wanaoketi kando ya barabara, na tangu saa hiyo kila mauzo yalikuwa na nafasi mbili, ya dola na ya faranga, na chenji nayo iliweza kutoka kwa pesa yoyote kati ya hizo. Jioni programu ilituambia sanduku linapaswa kuwa na dola ngapi na faranga ngapi, kila moja peke yake, nasi tulipohesabu noti tulijua papo hapo kama kuna kosa na liko upande gani.

Toleo jipya linakubali pesa ya aina moja kwa kila mauzo. Ukichagua dola, risiti nzima ni ya dola. Ukitaka kuingiza na faranga, lazima ufungue mauzo ya pili na kuandika kana kwamba wateja walikuwa wawili. Bei ya dola nayo lilikuwa haliniulizi tena, bali lilijichukulia lenyewe katika intaneti, na bei hiyo haikufanana na ile ya barabarani. Tofauti inaweza kuonekana ndogo. Tukirudi kwa mama wa mgahawa, ikiwa programu inasema 2,850 wakati soko linasema 2,800, zile dola 18 zinageuka kuwa faranga 51,300, na sanduku linaonekana kupungukiwa faranga 900 ambazo hazikuwahi kuwepo. Mauzo 40 ya namna hiyo kwa siku yanafikisha faranga 36,000, karibu dola 13, na anayetazamwa vibaya jioni ni kijana anayetusaidia mezani. Wiki ile ya kwanza nilimuuliza maswali ambayo hakustahili kuulizwa, na nilipogundua kwamba upungufu ulitoka ndani ya programu nilimwomba radhi mbele ya dada. Nayaandika haya ili mwenye duka mwingine asije akamfukuza mtu mwaminifu kwa ajili ya tarakimu zilizokokotolewa vibaya.

Pesa ya tatu, kwacha ya Zambia, ambayo tunaihitaji tunapoandika manunuzi ya Kasumbalesa, mji wa mpakani, haimo kabisa.

Kisha kuna suala la programu kufunguka tu. Toleo la zamani lilihifadhi kila kitu ndani ya simu na halikuhitaji mtandao hata siku moja. Jipya linahifadhi hesabu mbali, katika kompyuta ambazo sisi hatuzioni, na linapokosa intaneti linaonyesha duara linalozunguka pamoja na ombi la kujaribu tena. Mkazi wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa maana yake. Umeme ukikatika kwa saa nyingi mtandao nao hudhoofika. Mega za intaneti zilizonunuliwa asubuhi huisha kabla ya saa nane mchana kwa sababu mtoto ametazama video kwa simu ya kazi. Na katika miezi ya mvua kuna alasiri ambazo hakuna kinachopita. Mteja aliyeshika pesa mkononi hangoji duara, anavuka barabara na kununua kwa jirani. Mara mbili tumelazimika kurudi kwenye daftari la karatasi, na mara ya pili dada alikaa hadi saa nne usiku akiingiza mauzo ya mchana kutwa kwa mkono, mojamoja, kwa kuwa programu haina njia ya kuyaingiza kwa mkupuo.

Kuhusu meka nitamweleza kwanza msomaji asiye wa Katanga. Unga wa bukari (ugali) hapa kwetu hununuliwa kwa gunia na mwenye uwezo, na wengine hununua kwa meka, yaani kwa kopo la kipimo ambalo kila muuzaji analo na ambalo kila mnunuzi hulikazia macho linapojazwa. Katika toleo la zamani tulieleza mara moja tu kwamba gunia letu linatoa meka kadhaa, na tangu hapo kila meka iliyouzwa ilipunguza gunia kwa sehemu yake, hata ghala likatuonya mapema kwamba tumebakiwa na magunia matatu na nusu. Toleo jipya lina orodha ya vipimo iliyofungwa: kilo, gramu, lita, kipande, katoni. Nilijaribu kuiandika meka kama bidhaa ya pekee, na matokeo yakawa magunia 30 yasiyopungua kamwe huku meka zikishuka chini ya sifuri. Nilijaribu kuiandika kwa kilo, lakini meka hujazwa kwa mkono na si kwa mizani, na muuzaji mwenye utu humwongezea mteja wake wa siku zote kiganja kimoja, kwa hiyo kilo za kwenye skrini na unga uliomo ghalani zilitengana kabla ya wiki kwisha. Hili linanisikitisha kuliko nilivyotarajia. Wanaonunua kwa meka ndio wengi wa wateja wetu, na programu inayoshindwa kuandika ununuzi wao imewaacha nje ya hesabu kabisa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Ukurasa wa madeni sasa unadai jina la kwanza, jina la ukoo na nambari ya simu, wakati wateja wetu tunawajua kama Mama Mapacha, Papa Mwalimu au Yaya wa Katuba, na hakuna mtu mwenye adabu anayemdai mama wa makamo majina kamili kabla ya kumkopesha chumvi. Mashine yetu ndogo ya kuchapa risiti kwa Bluetooth haitambuliwi tena. Saa ya programu imewekwa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Kwa depo inayofunga jioni hilo halina uzito, lakini jirani yetu mwenye duka la dawa linalouza usiku anaona mauzo ya saa sita na nusu yakiandikwa katika siku iliyokwisha.

Yaliyo mema nayo yasemwe. Maandishi ni makubwa, na dada, ambaye macho yake yamechoka, ameyafurahia. Kila bidhaa inaweza kuwekewa picha. Kubwa zaidi ni kwamba simu mbili au tatu zinaweza kufanya kazi katika duka moja kwa wakati mmoja, jambo tulilokuwa tukiliomba kwa miaka, na siku ambazo mtandao uko imara ninaona kwa furaha mauzo ya mezani yakifika katika simu yangu nikiwa bado ghalani. Kwa mtu mwenye duka la nguo mjini, anayeuza kwa pesa moja, kwa kipande, akiwa na intaneti ya kudumu, ninaamini toleo hili ni bora kuliko la zamani.

Niliwaandikia watengenezaji barua ndefu, na jibu likaja baada ya siku nne. Walisema kwamba msimbo wa zamani ulikuwa umechoka kiasi cha kutokarabatika, kwamba kanuni za Android zimebadilika, na kwamba waliokuwa wakitumia vipengele vilivyoondolewa ni wachache. Hoja ya kwanza siwezi kuipima. Katika ile ya Android kuna ukweli ambao wenye maduka wanapaswa kuujua. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na kwa ukali zaidi tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu haziruhusiwi tena kusoma na kuandika popote katika hifadhi ya simu kama zamani, na Google Play haipokei masasisho ya programu ambazo hazijaandaliwa kwa Android za karibuni. Kwa hiyo ile njia ya zamani, ambapo nakala ya hesabu ilijiandika yenyewe katika kadi ya kumbukumbu kila usiku, isingeweza kubaki kama ilivyokuwa. Hata hivyo tangu Android 4.4 ya mwaka 2013 mfumo wenyewe una dirisha la kuchagulia mahali pa kuweka faili, ambapo mtumiaji huonyesha mahali, na faili likahifadhiwa pale alipopataka. Kanuni ilifunga mlango mmoja, na huo wa pili ulikuwa wazi. Kutoutumia kulikuwa uamuzi wa watengenezaji, na kutokana na uamuzi huo hesabu zetu za miaka mitano sasa haziwezi kutolewa nje ya programu hata kama jedwali la kawaida.

Hoja ya wachache ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Nilipowauliza wamejuaje kwamba ni wachache, walieleza kwamba programu hutuma taarifa kwa intaneti kila kitufe kinapobonyezwa. Lakini simu yetu ya depo haikuwa na intaneti saa za kazi, wala za majirani zetu wawili, kwa kuwa toleo la zamani halikuidai na hakuna anayenunua mega asizozihitaji. Miaka mitano ya kubonyeza nafasi ya faranga haikumfikia mtu yeyote. Waliohesabiwa ni wale wenye mtandao wa kudumu, na programu mpya imetengenezwa kwa ajili yao. Tena hata hesabu iliyokamilika ingeweza kupotosha: ukurasa wa bei ya dola ulifunguliwa mara moja tu kwa siku, kwa sekunde kumi, na mauzo yote ya siku yalisimama juu yake.

Depo yetu si ya kwanza kupatwa na jambo hili, na makampuni makubwa kuliko kikundi hiki yamewahi kulifanya. Mhariri wa video za harusi aliyekuwa akitumia Final Cut Pro kabla ya mwaka 2011 anaikumbuka Juni ya mwaka huo, Apple ilipotoa Final Cut Pro X iliyoandikwa upya: haikuweza kufungua kazi zilizoanzwa katika Final Cut Pro 7, na haikuwa na njia ya kuhariri pamoja picha za kamera kadhaa, kazi ambayo kila harusi yenye kamera mbili inaihitaji. Wakati huohuo toleo la 7 liliondolewa sokoni. Uhariri wa kamera nyingi ulirudi Januari 2012, na kwa mwenye harusi kila Jumamosi miezi saba ni mirefu. Kinachonishangaza ni kwamba Apple hiyohiyo ilikuwa imewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2007 ilipoiandika upya iMovie, programu yake nyingine ya video, na watu wakalalamikia vilivyopotea, iliwapa wenye toleo jipya ruhusa ya kupakua lile la zamani, iMovie HD 6, bila malipo, nao wakaendelea na kazi zao.

Mfano wa karibuni ni wa Sonos, kampuni ya Marekani inayotengeneza spika za nyumbani, ambayo Mei 2024 ilibadilisha programu yake ya simu kwa nyingine mpya iliyokosa kengele za kuamsha, kipima muda wa kulala na mengine mengi, na watumiaji wasioona wakakuta kwamba visoma skrini vyao havifanyi kazi ndani yake ipasavyo. Mkuu wa kampuni, Patrick Spence, aliomba radhi mwezi Julai. Agosti kampuni ilikadiria kwamba marekebisho yangegharimu kati ya dola milioni 20 na 30. Na Januari 2025 Spence akaondoka katika nafasi yake. Wateja walioomba warudishiwe programu ya zamani walijibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa programu zilizomo ndani ya spika na zile za kompyuta za mbali zilikuwa zimebadilishwa pamoja na ya simu.

Kwetu nako kurudi nyuma hakukuwa rahisi, na sababu zake ni za kawaida kwa programu nyingi za Android. Simu haikubali kuweka toleo la zamani juu ya jipya. Ni lazima kwanza uiondoe programu, na ukiiondoa hesabu zilizomo ndani yake zinafutika pamoja nayo. Hata faili la zamani ukilipata, data iliyokwisha kugeuzwa kwa umbo jipya haisomeki katika lile la kale. Tuliokolewa na simu ya pili ya dada, ambayo betri yake ilikuwa imechoka na ilikuwa imelala ndani ya droo imezimwa kwa wiki mbili, kwa hiyo haikujisasisha. Tulipungukiwa na mauzo ya wiki hizo mbili tu, nayo tuliyaandika upya kutoka kwenye risiti. Kwa mwenye duka ambaye bado ana toleo la zamani, nashauri leo hii afungue ukurasa wa programu hiyo katika Google Play, abonyeze nukta tatu zilizo juu, aondoe alama ya kujisasisha, kisha atoe nakala ya hesabu kwenye kadi kabla ya jambo lingine lolote.

Nilichowaomba watengenezaji ni kidogo: waweke toleo la zamani mahali ambapo tunaweza kulipakua, hata bila marekebisho yoyote mapya, hadi jipya litakapoweza kuandika noti ya dola 20 na faranga 50,400 katika mauzo yaleyale. Wamesema watalifikiria. Wiki iliyopita lilikuja sasisho dogo lililorudisha nafasi ya kuandika bei ya dola kwa mkono, nami nawashukuru kwa hilo, kwa kuwa linaonyesha kwamba barua zinasomwa. Malipo ya pesa mbili bado hayajarudi, wala kazi bila mtandao, wala meka.

Kati ya nyota tano ninalipatia toleo hili mbili, moja kwa ajili ya simu nyingi katika duka moja, na nyingine kwa ajili ya macho ya dada. Nitaliandikia upya vikirudi hivyo vitatu. Kwa sasa kila asubuhi dada anapita kwa wabadilisha pesa kama zamani, anarudi na bei ya dola, na kuiandika katika ile simu ya zamani, ambayo tumeizimia intaneti na ambayo kwa sababu ya betri yake inakaa mezani ikiwa imechomekwa kwenye chaja mchana kutwa.